Kisima cha Unga: Namna ya Kutengeneza Chombo cha Kuvisha Vyuma Rangi

SOMO LA WANACHAMA



Sisi wakulima wa visiwani twaishi na adui asiyepiga hodi. Upepo wa bahari huja na chumvi, umande wa usiku huilowesha chumvi ile, na chuma huanza kuliwa. Vingoe vya kuvutia matawi ya mikarafuu, pete za majembe, bawaba za milango ya ghala, kulabu za kutundikia na vishikio vya ndoo, vyote huingia kutu baina ya msimu wa vuli na msimu wa mwaka. Mkulima hulazimika kutoa fedha kununua mara ya pili kitu ambacho tayari alikuwa nacho.

Rangi ya kupaka kwa burashi yasaidia, wala hatuidharau. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, hutiririka ikaziacha pembe na ncha za chuma na utando mwembamba tu, na kutu hupenda kuanzia pembeni. Pili, hutaka muda kukauka, na katika siku za masika huenda isikauke sawasawa. Iko rangi ya namna nyingine ambayo haichanganywi na maji wala na tina. Hiyo ni unga mkavu. Chuma hupashwa moto, hutiwa ndani ya unga, unga huyayuka ukakishika, kisha hupikwa mpaka ukawa ganda moja gumu. Kwa njia hii ya kuchovya, ganda huweza kuwa na unene wa milimita 0.2 hadi 0.5, na rangi ya burashi ya mkono mmoja haifiki hata milimita 0.1.

Ili chuma kipate kuchovywa vizuri, unga hauwezi kukaa chomboni umelala kama unga wa ngano katika debe. Hapana budi uelee. Chombo cha kuueleza unga twakiita kisima cha unga, na mtu mwenye mkono mwepesi aweza kukitengeneza nyumbani. Katika somo hili tutaeleza kinavyofanya kazi, kinavyoundwa, kinavyotumiwa, khatari zake, na vitu ambavyo havipasi kuvishwa rangi hii hata kidogo. Sehemu hiyo ya mwisho twaomba kila mwanachama aisome mara mbili, kwani chuma kibovu kilichopambwa huweza kumwangusha mtu mtini.

1. ASILI YA CHOMBO HIKI

Elimu ya kuelesha vitu vya chengachenga kwa upepo ilipata nguvu Ujerumani katika miaka ya 1920. Fritz Winkler alipitisha hewa na mvuke kutoka chini ya makaa ya mawe yaliyosagwa ili yapate kugeuzwa gesi, akaona makaa yale yanachemka kama maji. Katika mwaka 1926 mtambo mkubwa wa namna hiyo ulikuwa ukifanya kazi mji wa Leuna. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1950 Mjerumani mwingine, Erwin Gemmer, aliichukua elimu ile ile akaitia katika unga wa plastiki, akawa anachovya vyuma vya moto ndani yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya kupaka kwa kisima cha unga.

Viwanda hutumia visima vikubwa vya kuingia hata bomba zima au waya wa uzio. Wavuvi wa ndoana wa Marekani wanaojisubia risasi zao wenyewe nao wamekifanya kisima hiki kuwa kidogo, kwa kipande cha bomba la plastiki na pampu ya tangi la samaki wa pambo. Chombo tutakachokieleza hapa ni cha namna hiyo ya wavuvi.

Unga wenyewe ni wa namna nyingi. Ule wa ipoksi hushika sana na hustahimili vyema, lakini ukikaa juani hupauka na kutoa vumbi kama chokaa. Ule wa poliesta hustahimili jua, kwa hiyo ndio ufaao kwa vyombo vya shamba. Iko namna ya nailoni pia, nayo asili yake ni mafuta ya mbarika, mti tunaouona umejiotea majaani kwetu. Lakini unga huo wataka joto kubwa zaidi, nasi hatutausomesha leo.

2. KWA NINI UNGA HUWA KAMA MAJI

Chukua unga uutie katika bomba lililosimama, na chini yake uwambe kitambaa kinachopitisha upepo lakini hakipitishi unga. Sasa pitisha upepo kutoka chini, kidogo kidogo. Mwanzo upepo utapenya baina ya chembe bila kuzitikisa. Ukiongeza upepo, itafika wakati msukumo wake unatosha kuubeba uzito wa unga wote. Hapo chembe huachana. Kila moja huwa imezungukwa na hewa wala haimlalii mwenziwe. Unga hufura, uso wake hulingana, na kijiti ukikitia huzama bila ya kuzuiwa. Ukikiinamisha chombo kidogo, uso wa unga hubaki sawa kama uso wa maji katika gilasi.

Basi ni upepo wa nguvu gani unaotakiwa? Hapa wengi hudhani yatakiwa mashine kubwa kama ile ya kujazia mipira ya gari. Sivyo. Tupige hesabu. Unga wa rangi uliolala una uzito wa kama gramu 0.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ukiutia kwa kina cha sentimita 12, kila sentimita moja ya eneo la chini itabeba gramu 7 hivi. Msukumo huo ni sawa na ule wa maji ya kina cha sentimita 7 tu. Pampu ndogo ya tangi la samaki, ambayo husukuma upepo mpaka chini ya tangi, yauweza msukumo huo na zaidi.

Kwa hiyo ufundi wa kisima haumo katika nguvu za upepo, umo katika usawa wake. Upepo ukipita mahali pamoja, unga utafoka hapo kama chemchemi na kwingine utabaki umekufa. Ukipita sawasawa chini kote, hata upepo mdogo utauelesha wote. Anayetoa usawa huo ni kile kitambaa kilichowambwa, ambacho tutakiita kiwambo. Mwenye kufanya haraka katika kiwambo ataharibikiwa na kazi yake yote, hata akinunua pampu ya thamani.

3. VITU VYA KUTAFUTA

(a) Bomba la plastiki la inchi 4. Kipande kimoja kiwe na urefu wa sentimita 30, na kingine sentimita 10.

(b) Soketi moja ya kuungia bomba hilo, na vifuniko viwili, kimoja cha chini na kimoja cha juu.

(c) Pampu ya tangi la samaki inayotoa lita 3 hadi 5 za upepo kwa dakika.

(d) Mpira mwembamba wa pampu hiyo, mita 3 au 4, na koki ndogo ya kupunguzia upepo.

(e) Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana sana, na karatasi ya kaki isiyopakwa nta.

(f) Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, na zile chenga za kunyonya unyevu zinazotiwa katika maboksi ya viatu na dawa.

(g) Gundi ya silikoni, msasa, na waya wa shaba wa mita chache.

Pampu ya baiskeli haifai, kwani upepo wake huja kwa kukatika. Mashine ya gereji nayo haifai ikiwa haina vichujio, kwa sababu upepo wake huchukua maji na mafuta, na unga uliopata mafuta hauwi na faida tena.

Ukiwa huna yakini na nguvu ya pampu, ipime hivi. Jaza maji chupa ya lita moja, igeuze kichwa chini ndani ya ndoo ya maji, kisha uingize mpira wa pampu katika mdomo wake. Hesabu sekunde mpaka upepo utakapoyatoa maji yote. Zikiwa sekunde 20, pampu yatoa lita 3 kwa dakika. Zikiwa 12, yatoa lita 5.

4. NAMNA YA KUUNDA

Kwanza, kata bomba kwa msumeno wa meno madogo, na ncha zake zisuguliwe kwa msasa mpaka ziwe laini na zimesimama sawa. Ncha iliyokwenda upande itakipa kiwambo mkunjo.

Pili, kata mviringo wa karatasi ya kaki mara mbili, na mviringo wa kitambaa mara moja, kila mmoja uwe mkubwa kuliko mdomo wa bomba kwa sentimita 3 kila upande. Weka kitambaa kwanza juu ya mdomo wa kipande kirefu, kisha karatasi mbili juu yake. Bomba likisimamishwa, kitambaa kitakuwa upande wa unga na karatasi upande wa upepo. Wamba kama mtu anavyowamba ngoma, uvute pande zote sawasawa mpaka pasibaki mkunjo, na ufunge kwa uzi pembeni.

Tatu, sukuma ncha hiyo iliyowambwa ndani ya soketi mpaka ibane. Kisha ingiza kipande kifupi upande wa pili wa soketi. Hicho kifupi ndicho chumba cha upepo. Ziba chini yake kwa kifuniko, na viungo vyote uvipake silikoni kwa nje.

Nne, toboa tundu moja ubavuni mwa chumba cha upepo, la kiasi cha mpira, uupitishe na uzibe kwa silikoni. Ncha ya mpira ndani ielekee chini, isielekee juu, kwani upepo ukipiga kiwambo moja kwa moja usawa utapotea.

Tano, baina ya pampu na kisima weka chupa yenye zile chenga za kunyonya unyevu. Mpira utokao kwenye pampu ufike chini ya chupa, na ule uendao kisimani uanzie juu. Sisi wa visiwani twaihitaji chupa hii kuliko watu wa nchi kavu, kwani hewa yetu ina unyevu mwingi na unga uliopata unyevu hushikana madonge. Chenga zikishiba hukaushwa kwa moto mdogo, zikafaa tena. Baada ya chupa funga koki.

Sita, iache silikoni ikauke siku nzima. Kisha washa pampu na upake maji ya sabuni katika viungo kwa nje. Panapotoa mapovu panavuja, pazibwe tena.

Mwisho, pitisha waya wa shaba kutoka juu mpaka ndani ya unga, karibu na kiwambo, na mwisho wake wa pili uufunge katika msumari mrefu wa chuma uliopigwa ardhini. Unga ukipita katika plastiki hukusanya umeme wa msuguano, na waya huo huupunguza kwa kuupeleka ardhini.

5. KUKIJARIBU KISIMA

Tia unga kwa kina cha sentimita 12, yaani kama nusu kilo. Fungua koki polepole, na utazame.

Uso ukibaki kimya, upepo ni mdogo, au pana mahali panavuja, au karatasi ni nzito mno. Ongeza upepo, na ukiona haikusaidia punguza karatasi moja.

Unga ukifoka mahali pamoja tu, kiwambo kimelegea au kimetoboka, au unga una madonge. Uchekeche unga kwa chekecheo jembamba na ugongegonge ubavu wa bomba. Ukirudia kufoka mahali pale pale, fungua uwambe upya.

Ukiona vumbi linapanda kama moshi, upepo umezidi. Punguza mara moja. Huo ni unga wa fedha unaopotea, na ni khatari kama tutakavyoeleza.

Kisima kizuri huonekana hivi: unga uliokuwa sentimita 12 umepanda mpaka 15 au 16, uso wake uko sawa, na vipovu vidogo vinapasuka hapa na pale kama uji unaoanza kutokota.

Katika kununua, omba unga wa kuchovya, ambao chembe zake ni nene kidogo. Unga uuzwao kwa bunduki ya umeme una chembe nyembamba na huelea kwa taabu. Hutumika ikiwa hapana mwingine, lakini wataka kuchekechwa kila mara na kisima kugongwagongwa wakati wa kazi.

6. KUPAKA

Kusafisha. Ondoa mpini wa mti, mpira na plastiki. Osha chuma kwa maji ya moto na sabuni ili mafuta yatoke, kikaushe, kisha ukisugue kwa burashi ya waya na msasa mpaka king'are. Kutu iliyobaki chini ya rangi itaendelea na kazi yake. Baada ya hapo usikiguse kwa mkono mtupu, maana vidole vina mafuta na chumvi. Chuma kilichosafishwa leo kipakwe leo, kwani upepo wetu haukingoji mpaka kesho.

Kutundika. Funga waya mahali ambapo alama yake haitadhuru. Pima kwanza chuma kikiwa baridi, uhakikishe kinaingia kisimani bila ya kugusa ukuta wala kiwambo.

Kupasha. Weka chuma katika jiko la umeme lenye kipimo cha joto, digrii 180 hadi 200 za sentigredi. Chuma kinene kama kingoe kikae dakika 20 ili joto lifike ndani. Usitumie kukisia. Na chuma kilichokuwa chekundu kwa moto wa mhunzi kisikaribie kisima kabisa, kwani chaweza kuuwasha unga.

Kuchovya. Toa chuma upesi, kitie katika unga unaoelea, hesabu moja, mbili, tatu, ukitoe na uugonge waya ili unga uliozidi udondoke. Kumbuka kwamba chuma chembamba hupoteza joto upesi na hushika unga kidogo, na chuma kinene hulihifadhi joto na kushika unga mwingi. Kwa hiyo chembamba kitolewe jikoni kwa haraka zaidi, na kinene kichovywe kwa muda mfupi zaidi. Asiyejua jambo hili hulaumu unga.

Kupika. Rudisha chuma jikoni katika digrii zile zilizoandikwa na mtengenezaji juu ya boksi la unga. Kwa poliesta mara nyingi huwa 180 hadi 200 kwa dakika 10 mpaka 20. Dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kilipofika joto lile, si tangu mlango ulipofungwa. Unga huu huyayuka kwanza, kisha huungana wenyewe kwa wenyewe ukawa kitu kimoja ambacho hakiyayuki tena. Ukiutoa mapema utang'ara na kukupendeza, lakini haukuiva.

Kujaribu. Acha kipoe chenyewe. Gonga kwa nyundo ndogo mahali pasipoonekana. Rangi iliyoiva hubonyea pamoja na chuma. Isiyoiva hupasuka kama ganda la yai. Anza kwa chuma kibovu kisicho na thamani, usianzie na chombo cha kazi.

Mwenye kuvua naye aweza kuzivisha chubwi zake kwa njia hii hii. Risasi huyayuka kwa digrii 327, kwa hiyo joto la 180 haliidhuru. Lakini risasi ni sumu, khasa kwa watoto, na rangi yaifunika tu wala haiiondoi. Isisubiwe jikoni mwa chakula, na mikono ioshwe kabla ya kula.

7. KHATARI NNE

La kwanza ni moto. Unga wowote unaoweza kuungua, hata wa ngano, ukitawanyika hewani kwa wingi na ukakuta cheche, huripuka. Kisima kiwekwe mahali wazi penye hewa, mbali na jiko, mbali na makaa na koroboi, na asikaribie mtu mwenye sigireti. Pampu nayo iwe mbali, ndiyo sababu tumetaka mpira wa mita 3 au 4. Unga uliomwagika ufutwe kwa kitambaa kibichi, usifagiliwe kwa ufagio mkavu ukarushwa hewani.

La pili ni kifua. Kitambaa cha kawaida cha kufungia pua hakizuii chembe hizi. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, ile iliyoandikwa N95 au FFP2, na miwani. Tazama pia boksi la unga. Likiwa na herufi TGIC, hiyo ni dawa ya kuivisha ambayo hudhuru ngozi na mwili. Uliza mwenye duka unga usiokuwa nayo.

La tatu ni jiko. Jiko lililopikiwa rangi halipikiwi mkate tena, siku hiyo wala baada yake. Wala mtu asijaribu kupalia makaa juu na chini kama apikaye mkate wa kumimina, kwani joto la makaa halijulikani na cheche zake hazina adabu.

La nne ni watoto. Unga huu una rangi za kuvutia na umekaa kama kitu cha kuchezea. Ufungiwe katika bati lenye kifuniko, mahali pakavu, juu, wasipofika.

8. VITU VISIVYOPASA KUVISHWA RANGI HII

Sasa twafikia lile tuliloomba lisomwe mara mbili.

Chuma kilichopata ufa au kilicholiwa. Rangi huzuia kutu, haifufui chuma. Kingoe kilicholiwa katikati kitabaki kimeliwa, na sasa macho hayataona. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu huvuta tawi kwa uzito wake wote akikitegemea kingoe hicho, na tunajua sote watu walioanguka na kuvunjika. Kwa hiyo kila chuma cha kubeba uzito, kikiwa ni kingoe, kulabu au chuma cha ngazi, kikaguliwe baada ya kusuguliwa na kabla ya kupakwa, kwa mwanga wa jua, na watu wawili. Penye shaka kivunjwe kitupwe. Rangi mpya isiwe ushahidi wa uzima.

Mawe ya mizani. Huenda mtu akaona mawe yake yana kutu akataka kuyapamba. Asifanye. Jiwe la chuma la kilo moja lina uso wa kama sentimita 140 za eneo. Ganda la milimita 0.3 huliongezea uzito wa gramu 5 au 6. Kwa kila kilo mkulima atatoa karafuu zaidi asilipwe, ama ikiwa yeye ndiye anayepima wenziwe, atakuwa anawapunja. Tumeamrishwa kutimiza vipimo, na jambo hili halina udogo. Mawe yenye kutu yapelekwe kwa wakaguzi wa vipimo.

Vitu vinavyogusa karafuu. Sinia za kuanikia, chekecheo, pishi, na chochote ambacho karafuu hulala juu yake kisipakwe. Mafuta ya karafuu huzilainisha baadhi ya plastiki, na chembe ya rangi ikibanduka ikaingia katika karafuu, mnunuzi hatauliza ilitoka wapi. Karafuu ni kitu cha kuliwa. Tuzianike juu ya majamvi na sakafu safi kama tulivyozowea.

Makali ya panga na kisu, kwani rangi itaondoka kwa kunoa. Hapo mafuta ndiyo dawa.

9. SHAURI KWA MATAWI

Hatuoni sababu ya kila mwanachama kutengeneza kisima chake. Chombo kimoja chatosha tawi zima, kwani kazi yenyewe ni ya siku mbili au tatu baada ya msimu. Wanachama wakichanga wakanunua unga wa rangi moja, pampu moja na jiko moja kuukuu la umeme, kila mmoja ataleta vyuma vyake vilivyokwisha safishwa, na wawili wenye mkono mtulivu watachovya. Fauka ya hayo, vyuma vitakuwa vimekusanywa pahala pamoja na kukaguliwa na macho mengi. Kwa maoni yetu ukaguzi huo una thamani kuliko rangi yenyewe.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MIKUTANO YA MATAWI

(1) Kwa nini pampu ndogo yaweza kuuelesha unga, na mashine kubwa yaweza kuuharibu?

(2) Kisima kinafoka upande mmoja tu. Taja sababu tatu, na dawa ya kila moja.

(3) Chuma chembamba na chuma kinene vimetolewa jikoni pamoja. Kipi kichovywe kwanza, na kwa nini?

(4) Mwanachama ameleta kingoe kilichong'arishwa vizuri, lakini shingoni pana mstari mwembamba mweusi. Mtamwambia nini?

Swali la nne ndilo twalitaka lijibiwe na kila tawi, na jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano.

Twamaliza hapa. Mwenye kutaka kuona mchoro wa kisima au kupata maelezo zaidi na afike ofisini siku za kazi, atakaribishwa. Mwenyezi Mungu atupe msimu wa kheri, na awarudishe wachumaji wetu chini salama.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama